Âşık Veysel: mizani 8 na nyumba yenye milango miwili

Veysel Şatıroğlu alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Sivrialan, mkoa wa Sivas, Uturuki. Alipokuwa na miaka 7 ndui ilimpofusha jicho moja, na la pili likapotea baadaye. Baba yake akampa saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, imliwaze. Neno âşık ni lile lile letu la ashiki, ila kwa Waturuki ni cheo cha malenga anayetunga na kuimba huku akipiga saz.

Kwa miaka mingi Veysel aliimba tungo za wengine. Alianza kujulikana kwenye tamasha la malenga lililoandaliwa mjini Sivas mwaka 1931 na mshairi Ahmet Kutsi Tecer. Miaka ya 1940 alifundisha saz katika Vyuo vya Vijiji, vilivyoandaa walimu wa shule za vijijini.

Anayejua utenzi ana ufunguo wa tungo zake. Chukua mshororo wa wimbo wake mmoja, “Uzun ince bir yoldayım”, yaani “niko katika njia ndefu, nyembamba”. Kwa Kituruki kila irabu ni mizani moja, yaani silabi moja: u-u-i-e-i-o-a-ı, jumla 8. Msomaji wa Kiswahili hukosea kwa kuipa konsonanti mizani yake, kama m ya “mtu”. Kituruki hakina hilo. Hesabu pia kutoka kwenye maandishi, kwa sababu waimbaji huvuta sauti na kuchomeka vihisishi kama “aman” na “of”, na hapo mizani huzidi.

Vina ndivyo vinavyopendeza zaidi. Ubeti wa pili wa wimbo huo una mishororo mitatu inayoishia anda, zamanda, handa, kisha wa nne unarudisha kituo, “Gidiyorum gündüz gece”: naenda mchana na usiku. Ni mpango wa utenzi kabisa, vina vitatu na bahari, yaani kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti. Lakini -da ni kiambishi tu cha mahali au wakati, nacho huitwa redif. Kina chenyewe ni -an kinachokitangulia. Anayetaja -da kuwa kina amekosa ufundi wa mtunzi. Han, iliyomo katika neno handa, ni nyumba ya wasafiri, na hii ya Veysel ina milango miwili: kuzaliwa na kufa. Hata maneno dünya, zaman na hal yaliyomo katika wimbo huo, sisi tunayo pia kutoka Kiarabu.

Ubeti wa mwisho hubeba jina la mtunzi, “Veysel”. Mwimbaji akiukata ili kufupisha wimbo, anaondoa sahihi ya mwenyewe.

Tungo nyingine ni za mizani 11, kama “Benim sadık yârim / kara topraktır”, mpenzi wangu mwaminifu ni udongo mweusi: vipande vya 6 na 5. Mwaka 1965 Bunge la Uturuki lilimpa posho ya lira 500 kwa mwezi kwa mchango wake kwa lugha ya taifa. Alifariki tarehe 21 Machi 1973, akazikwa Sivrialan.