Mtawa Wako Ana Wakubwa Wake

Amekuja mwingine. Mchezaji mpya ameketi kwenye meza yetu ya Jumamosi ya Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, Ngong Road, akanisomea habari za mhusika wake: mtawa, mila ya Kivuli (mila ndiyo shule ya kitawa anayofuata), yatima, mwalimu wake aliuawa, nyumba ya watawa ikateketezwa, sasa anazurura peke yake akitafuta kisasi. Nimekuwa DM, yaani msimamizi wa mchezo, wa watawa wengi Nairobi hii na karibu wote wamechomewa nyumba. Nani huyo anayezunguka Faerûn, nchi ya kubuni ya mchezo huu, na kibiriti?

Najua tulikoyatoa. Wengi wetu tumelelewa na vibanda vya video, DJ Afro akitutafsiria filamu za kung fu, na staring hakai na mwalimu aliye hai zaidi ya dakika kumi. Sina ugomvi na filamu hizo. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mila ni orodha ya mapigo unayochagua ukifika ngazi ya 3, na baada ya hapo hudaiwi na mtu.

Ngazi ya 3 ndipo kanuni zinapokupa uwezo. Siyo siku uliyojiunga. Kabla dadu la kwanza halijarushwa ulikuwa umeshafagia ua wao miaka mingi, umekula chakula chao, umeapa viapo vyao. Mila ni chama: kina mwenyekiti, kina katiba, na kina mtu anayekumbuka kila ulichokopa. Ukihamia Mombasa bado watakupigia simu.

Mchezo wenyewe ulilijua hili zamani. Mtawa aliingia Dungeons & Dragons mwaka 1975, kwenye kitabu cha nyongeza kiitwacho Blackmoor. Kanuni za 1978 zikaenda mbali zaidi: ngazi za juu zilikuwa na viti vichache, na kileleni kabisa palikuwa na mtu mmoja tu. Ukitaka kupanda, unamtafuta aliyekalia kiti unachokitaka na mnapigana mkono kwa mkono. Ukishindwa, unashuka. Ni kanuni ya kuudhi, hakuna kundi linalotaka kusimamisha safari ili mwenzao akagombee cheo, na sisikitiki kwamba imeondolewa. Lakini hakuna aliyeweza kuicheza akijifanya hana wakubwa.

Mtu ataniambia, "Lakini Shaolin..." Haya, tuingie Shaolin, ile monasteri ya Uchina. Mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa nasaba ya Tang, dhidi ya mpinzani wake Wang Shichong. Habari hiyo tunaipata kwenye jiwe la maandishi la mwaka 728, na jiwe lile halikusimamishwa ili kusifu mateke. Linahifadhi haki za monasteri: mashamba na kinu cha maji walivyopewa kwa ajili ya msaada ule. Karatasi za shamba, jamani! Mkenya gani haelewi hadithi hiyo? Watawa maarufu kuliko wote kwa kupigana walikuwa na mali ya pamoja ya kulinda, na jina la monasteri lilitangulia jina la mtu.

Upande wa Ulaya ni vilevile. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaanza kwa kupanga aina za watawa, na wanaotiwa mkiani ni wale wanaozurura, siku 3 hapa, siku 4 pale, hawatulii popote. Yaani mhusika unayemwona wa kishujaa, Benedikto alimweka chini ya wote. Sura ya 67 inasema ndugu akirudi safarini asithubutu kuwasimulia wenzake aliyoyaona au kuyasikia nje. Hebu iweke hiyo kwenye kampeni, ile hadithi ndefu mnayoicheza pamoja: mtawa wako ameua joka, amerudi nyumbani, na haruhusiwi kusema neno wakati wa chakula. Hapo kuna kipindi kizima cha mchezo, na hakuna nyumba iliyochomwa.

Faerûn ina utajiri huohuo. Monasteri ya Waridi la Njano, kule Damara, ni ya Ilmater, mungu anayebeba mateso ya wengine. Alama yake ni mikono iliyofungwa kwa kamba nyekundu. Mtawa wake akipita kijiji chenye njaa na mfuko wa dhahabu mgongoni, ana kesi ya kujibu. Watawa wa Mwezi Mweusi humtumikia Shar, mungu wa giza na upotevu. Ukichukua mila ya Kivuli kutoka kwao, swali ni siri ya nani unayopelekwa kuiba safari hii, na ni nani aliyekutuma.

Mila ya Mauti Marefu inanitatiza. Kimahesabu ni tamu: ukimwangusha adui aliye ndani ya futi 5, unapata afya ya muda sawa na ngazi yako pamoja na nyongeza ya Hekima. Lakini hawa ni watu wanaowakamata viumbe ili waandike jinsi wanavyokufa. Nilimruhusu mchezaji mmoja kuwa mwandishi anayekesha na mahututi, na hadi leo sina hakika kama ile ilikuwa mila yenyewe au mila iliyotolewa meno ili tuweze kula chipsi kwa amani.

Mila nyingine haraka. Mkono Wazi ni imara, ichukue ukiwa mgeni. Elementi Nne ya toleo la 2014 ilikuwa wizi wa pointi za ki, nguvu za ndani anazotumia mtawa, na toleo la 2024 limeisafisha vizuri. Pigo la mtawa la kumduwaza adui sasa ni mara moja tu kwa zamu. Mimi nimefurahi, wachezaji wangu hawajafurahi.

Kwangu hupati ngazi ya 3 bila kujibu maswali haya: nani anaweza kukuita nyumbani, ukaenda? Unamficha nini? Nani huko ni mchapakazi kuliko wewe na anajua hivyo? Watu hao wawe hai, na wawe na majina. Mchezaji akilalamika kwamba mwizi wa kundi hasumbuliwi namna hii, namwambia asubiri kidogo, chama cha wezi nacho kina daftari.