Kifungua mimba anarithi kiti? Niambie kwanza kazaliwa lini

Watu wakishajua mi nasomea hizi sheria za kurithi viti vya enzi swali ni lile lile, eti siku hizi Ulaya kifungua mimba ndo anarithi hata kama wa kike? Ndiyo, sehemu nyingi, ila mi huwa nauliza kazaliwa lini, manake sheria ikibadilika kuna watoto inawakuta washazaliwa na hapo ndo utamu ulipo.

Chukua Uswidi. Victoria kazaliwa Julai 1977, wa kwanza kwa Mfalme Carl XVI Gustaf, lakini enzi hizo kiti kilikuwa cha wanaume watupu, binti hata kwenye foleni hayumo. Mei 1979 akaja mdogo wake Carl Philip, basi dogo kazaliwa tu tayari ni mrithi. Kumbe bunge lilishaanza kubadili sheria, na kule ukigusa katiba bunge linapitisha mara mbili na katikati lazima uchaguzi mkuu uwe umepita, sasa mtoto kazaliwa mambo yako njiani. 1 Januari 1980 sheria mpya ikaanza kazi tena ikarudi nyuma, dada kapanda, dogo kashuka, hata miezi minane hajafikisha.

Baba yao hajawahi kulimeza vizuri, si suala la binti kutawala, linalomkera ni sheria kurudi nyuma kumvua mtoto alichokuwa nacho. 2023 kaligusia tena kwenye TV, kelele zikawa nyingi mpaka ikabidi atoe ufafanuzi kwamba Victoria ndo mrithi wake na anajivunia. Mi naona bunge lilitenda haki ila mzee namuelewa, mtoto wako anapewa cheo halafu ananyang'anywa bado anatambaa!

Jirani zao Norwe 1990 wakabadili pia, ila wao wakasema waliozaliwa kabla tusiwaguse, wa kiume atangulie. Ndo maana Haakon wa 1973 ni mrithi na dada yake Märtha Louise wa 1971 yuko nyuma yake, tena nyuma ya watoto wote wawili wa Haakon. Ingrid Alexandra, binti wa Haakon, kazaliwa 2004 kwa hiyo yeye hana wa kumruka.

Uingereza nao wakaweka mstari, sheria mpya inawahusu waliozaliwa baada ya 28 Oktoba 2011. Charlotte (2015), binti wa Prince William, yuko salama, mdogo wake Louis kaja 2018 na hakumpita. Shangazi wa baba yao, Anne wa 1950, yeye bado yuko nyuma ya mdogo wake Edward wa 1964.

Hispania ndo hawajagusa kitu, katiba ya 1978 bado inamtanguliza wa kiume. Mfalme Felipe ana dada wawili wakubwa, Elena na Cristina, na Leonor ni mrithi kwa sababu tu hana kaka wala mdogo wa kiume.

Ila kwangu mimi Monaco ndo kiboko. Desemba 2014 wakazaliwa mapacha wa Prince Albert, mtawala wa kule, mizinga ikapigwa 42, yani 21 kwa kila mtoto, sawasawa kabisa. Gabriella katoka kwanza, Jacques kafuata dakika mbili baadaye. Kulwa ni binti, Doto ndo mrithi.