Wiki mbili bila ugali: shabaha ni ini

"Kama ningeweza kuacha ugali wiki mbili, upasuaji wa kupunguza uzito ungekuwa wa nini?" Mama mmoja aliuliza hivyo sokoni Kibuye, Kisumu, na wateja wakacheka. Kabla ya upasuaji huo daktari huagiza wiki mbili bila ugali, na wengi hudhani anawapima nidhamu. Sivyo. Anachokilenga ni ini. Kwa watu wengi wenye unene uliokithiri, ini hujaa mafuta, likawa kubwa na zito, likafunika mfuko wa chakula. Daktari anayepitisha vyombo kwenye vitundu vidogo vya tumboni lazima aliinue kwanza ili aufikie mfuko huo. Ukipunguza wanga na sukari, ini hutumia akiba yake ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa mwilini) na mafuta, likanywea na kulainika. (Ndiyo, hata ile soda moja ya harusini inahesabika.) Mwenye kisukari asianze mlo huu kabla daktari hajampangia dawa upya, sukari inaweza kushuka ghafla.