Kuburudishwa si burudani

Juzi nimepita mbele ya ukumbi mmoja uliokodiwa na kanisa, nikakuta bango refu kama shuka: "Usiku wa Kuburudishwa. Njoo uburudike na Bwana." Picha ya gitaa katikati, majina ya waimbaji, kiingilio, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: "...nyakati za kuburudishwa... Matendo 3:19." Sina ugomvi na matamasha ya injili, kiingilio nimelipa mara nyingi tu na nikaimba mpaka sauti ikakauka. Ugomvi wangu ni na huo mstari uliokatwa kichwa na mkia ukabandikwa pale. Mwaka huu nimeshaukuta hivyo mara nne au tano, na mara moja mshereheshaji aliushika jukwaani akauliza ukumbi mzima, "Mmeburudika hamjaburudika?"

Maana yenyewe ni fupi. Katika mstari huo wa Biblia ya Kiswahili, kuburudishwa ni nafuu ambayo Mungu humpa mtu aliyetubu na kumrudia. Moyo uliokuwa ukiungua kwa hatia unapoa, mtu anapata kuvuta pumzi. Basi. Kinachonikera ni safari ya neno lenyewe mpaka likafika kwenye bango la gitaa.

Mstari kamili, kwa tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekua nayo, ni huu: "Tubuni basi, mrejee, ili dhambi zenu zifutwe, zipate kuja nyakati za kuburudishwa kwa kuwako kwake Bwana." Burudi limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa ubaridi. Baridi, burudi, burudika na burudisha ni ndugu wa tumbo moja. (Barafu si ndugu yao, ingawa ni baridi kuwashinda wote. Huyo ni wa Kiajemi.) Kuburudisha kitu ni kukipoza. Dafu linaburudisha. Kitambaa kilicholowa maji kwenye paji la uso la mtoto mwenye homa kinaburudisha. Na burudani naye ni wa ukoo huohuo, wala njia aliyopita si ngumu kuiona: mtu katoka shambani jua limemchoma, kakaa barazani, upepo wa jioni unampuliza, jirani anapiga zumari, roho inatulia. Miaka ikapita, upepo ukasahaulika, zumari likabaki.

Maana ya zamani haijafa, iko kwenye kadi za mwaliko. Ukiandikiwa kwamba baada ya kikao kutakuwa na viburudisho, hutegemei bendi. Unategemea soda ya baridi, na kama kamati ina moyo, sambusa mbili.

Burudani hakuharibikiwa peke yake. Starehe na raha, nao wa Kiarabu, walikuja kwetu wakiwa na maana ya kupumzika. Isaya 30:15 katika Union inasema, "Kwa kurudi na kustarehe mtaokolewa." Msomee kijana wa leo mstari huo bila kumwambia umetoka wapi, uone atakavyokutazama, maana starehe anayoijua yeye iko kwenye meza yenye chupa. Waebrania 4:9 nayo inasema imesalia "raha ya sabato" kwa watu wa Mungu. Maneno matatu ya pumziko, na yote matatu tumeyakuta baa. Raha peke yake ndiyo inayorudi nyumbani mara mojamoja, makaburini, Wakatoliki wanapoomba: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Pale hakuna anayedhani marehemu anaombewa disko.

Sasa Kigiriki, maana Luka, mwandishi wa Matendo, aliandika kwa Kigiriki. Neno lake ni anapsyxis, na ndani yake mna kitenzi cha kupuliza na kupoza. Ni kupata hewa tena, kama mtu aliyekuwa akihema anavyoketi kivulini. Kigiriki kimeweka pumzi na ubaridi katika chungu kimoja. Sisi tumevigawa: pumzi tumeipeleka kwenye kupumzika, ubaridi tukaupeleka kwenye kuburudika. Kwa hiyo Yesu anaposema katika Mathayo 11:28, "nami nitawapumzisha," na Petro, ambaye maneno ya Matendo 3:19 ni yake, anaposema nyakati za kuburudishwa, kwa sikio la Kiswahili ni watu wawili wanaomhudumia mgonjwa mmoja: huyu anampa hewa, yule anampa maji.

Neno hili, au kitenzi chake, limetumika mahali pengine pia, nami nachukua pawili ambapo hoja ya gitaa inakosa pa kusimama. Pa kwanza ni 2 Timotheo 1:16. Paulo yuko kifungoni, anamwombea rehema Onesiforo na nyumba yake: "maana mara nyingi aliniburudisha, wala hakuuonea haya mnyororo wangu." Onesiforo alimtafuta Rumi kwa bidii mpaka akampata. Hakwenda kumpigia mfungwa kinanda. Alikwenda kwa mtu aliyekuwa anaaibisha kujulikana naye, na kule kwenda tu kukampoza.

Pa pili pananipendeza zaidi. Wayahudi wa Misri walipotafsiri Kutoka kwa Kigiriki, karne ya tatu kabla ya Kristo, walilitumia neno hilihili kwenye habari za vyura. Vyura wamejaa mpaka vitandani na kwenye vyombo vya kukandia unga. Farao anamwita Musa, anaomba aombewe, vyura wanakufa, watu wanawakusanya chungu chungu, nchi inanuka. Kisha, sura ya 8 mstari wa 15, Farao anaona kuna nafuu, na hiyo nafuu ni anapsyxis, anaufanya moyo wake kuwa mzito. Farao naye aliburudika, tena kwa maombi. Hakurejea tu.

Kurejea ndiko kulikokatwa kwenye bango. Toba tumeipata kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kurudi, na nabii wa Kiebrania akitaka kusema tubuni alisema rudini. Kwa hiyo "tubuni, mrejee" ya Union ni karibu sawa na kusema rudini, na mrudi kweli. Wakatoliki tuliofundishwa Sala ya Kutubu tukiwa watoto tunaimaliza hivi: "naomba neema yako nirudi." Nimeisema sala hiyo miaka mingi nikidhani nirudi pale ni kibwagizo cha kumalizia, kumbe ndilo neno lililobeba sala nzima. Kujuta peke yake hakujafika huko. Ukijuta unaweza kubaki palepale ulipoketi ukijipiga kifua, ukitubu unaondoka. Wazee wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda kwenye miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, walilijua hilo kwa miguu yao. Mtu akitubu wizi wa jembe alilibeba jembe akalipeleka kwa mwenyewe. Njia ya kwenda ilikuwa ndefu na ya aibu. Ubaridi aliupata akirudi mikono mitupu.

Najua kwa nini makanisani neno hili halisikiki tena kwa maana yake. Siku hizi sifa ya ibada ni moto. Kanisa linawaka, mhubiri ni moto, na ukitaka kumsengenya ndugu unasema amepoa. Katika lugha hiyo, kumwahidi mtu kupozwa ni kama kumtukana. Lakini aliyeahidi ni Petro, ambaye sura moja nyuma alikaliwa na ndimi za moto, wala hakuona mgongano. Tena ni yuleyule aliyemkana Bwana wake akiota moto wa makaa, kwa kuwa usiku ule kulikuwa na baridi. Siku ya mahubiri haya alikuwa anapanda hekaluni kusali, saa tisa. Hiyo ni saa tisa yetu, maana saa za Biblia ya Kiswahili hazihitaji kubadilishwa: alasiri, ua la mawe limeshinda likichomwa na jua. Kiwete aliyekuwa akiombaomba kwenye mlango uitwao Mzuri anarukaruka, umati umejaa katika ukumbi wa Sulemani, na Petro anawaambia watu waliopaza sauti Yesu auawe kwamba upo ubaridi kwa ajili yao, wakirejea.

Kijana aliyekuwa akifunga kamba za bango lile aliniona nimesimama muda mrefu. Akaniamkia, akauliza kama nataka tiketi. Nikamweleza haya, kwa ufupi kuliko nilivyoyaeleza hapa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa mzee, tungeandikaje?"

Nikamwambia Usiku wa Sifa ni jina zuri, lisingemdanganya mtu, na waimbaji wote wangebaki. Na kama wanaupenda mstari ule, wauanzie kwenye "Tubuni."

Akaniambia nafasi haitoshi. Nikamwonyesha gitaa.