Otoregulesheni ya ubongo: kwa nini moyo unarudi kupiga halafu mgonjwa haamki

Kuna kitu huwa kinawachanganya sana ndugu wa mgonjwa pale ICU. Daktari anatoka anawaambia moyo ulisimama ila tumeurudisha, unapiga vizuri, presha ipo, halafu mnaingia mnamkuta mtu wenu kalala tu, ukimwita haitiki, leo hivyo, kesho hivyo, keshokutwa hivyo. Watu wanaanza kuulizana, sasa kama moyo umerudi shida iko wapi? Shida iko kichwani, na sehemu kubwa ya hiyo shida inahusu kitu kinaitwa otoregulesheni, yaani uwezo wa ubongo kujipangia damu yake wenyewe bila kuyumbishwa na presha ya mwili kila inapopanda na kushuka.

Tuanze na mtu mzima asiyeumwa. Ubongo wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana, ndo maana moyo ukisimama mtu anazimia ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi, na zikipita dakika 4 hadi 6 bila damu seli zinaanza kuharibika moja kwa moja. Kila gramu 100 za ubongo zinataka kama mililita 50 za damu kwa dakika. Sasa presha yako haikai sehemu moja, ukilala inashuka, ukikimbilia daladala inapanda, ukigombana na mtu inapanda zaidi, lakini hizo mililita 50 hazitikisiki sana, kwa sababu vimishipa vidogo vya ateri ndani ya ubongo vina misuli kwenye kuta zake, presha ikipanda vinajibana, ikishuka vinajiachia na kutanuka, na vinafanya hivyo ndani ya sekunde chache. Mtafiti wa Denmark, Niels Lassen, ndo alichora ule mchoro maarufu mwaka 1959 unaoonyesha kwamba damu ya ubongo inakaa palepale presha ya wastani ikiwa kati ya kama 60 na 150. Siku hizi inajulikana kuwa hiyo nafasi ni nyembamba kuliko alivyochora na inatofautiana mtu na mtu.

Presha ya wastani, kama hujawahi kuijali, ni ile namba ambayo monita nyingi zinaiweka kwenye mabano. Mtu mwenye 120 kwa 80 inamjia kama 93. Ikumbuke.

Haya, sasa moyo umesimama kisha umerudi. Damu inapoanza kuingia tena kichwani inakuta hali mbaya, kuta za mishipa zimeumia, kuna mabonge madogo ya damu yameganda kwenye kapilari, yaani vile vimishipa vyembamba kabisa, seli zimevimba, kwa hiyo sehemu nyingine damu haipiti kabisa hata kama moyo unapiga. Kwa dakika chache za mwanzo damu inaweza kumiminika kupita kiasi, halafu inafuata awamu ambayo mi naiona ndo ya hatari zaidi kwa sababu haionekani kwa macho, saa nyingi ambazo mishipa inajibana na ubongo unapata damu kidogo kuliko kawaida huku monita inaonyesha presha nzuri tu na kila mtu chumbani ametulia.

Na wakati huohuo ile otoregulesheni yenyewe inaweza kuwa imezimika. Hapo mishipa ya ubongo inakuwa kama mpira wa kumwagilia bustani, ukifungua koki sana maji mengi, ukifunga kidogo maji yanakatika, haina tena ujanja wa kujirekebisha. Presha ikishuka kidogo ubongo unakosa damu, ikipanda sana damu inaingia kwa nguvu na uvimbe unaongezeka. Utafiti mmoja wa Denmark uliotoka 2001 uliwapima wagonjwa 18 waliorudishwa baada ya moyo kusimama, 8 kati yao hawakuwa nayo kabisa, na wengine 5 walikuwa nayo lakini imesogea juu, yaani ubongo wao ulihitaji presha kubwa kuliko ya mtu wa kawaida ndo ianze kufanya kazi. Hao wa kundi la pili ndo wa kuwafikiria sana kwetu, kwa sababu mtu aliyeishi miaka na presha ya 180 kwa 110 bila dawa, mishipa yake imeshazoea kufanya kazi huko juu, wastani wake ni kama 133. Mwongozo unasema presha ya wastani isishuke chini ya 65, sawa, ila 65 kwa huyu si sawa na 65 kwa kijana wa miaka 25 ambaye hajawahi kuumwa presha.

Mtu atasema basi tumpandishie kila mgonjwa presha tumalize kazi. Imejaribiwa. Utafiti wa BOX, hukohuko Denmark, ulitoka 2022 ukiwa na wagonjwa 789, nusu waliwekwa kwenye lengo la 63 na nusu kwenye 77, na mwishoni waliokufa au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa karibu sawa, asilimia 34 kundi la presha ya juu na 32 la presha ya chini. Kwangu hiyo inaonyesha namba moja ya watu wote haitoshi, maana ndani ya kundi moja kuna anayehitaji zaidi na kuna anayeumizwa na hiyo zaidi, wanafutana kwenye hesabu. Ndo maana sasa watafiti wanapima kila mgonjwa peke yake, wanabandika vihisi vya mwanga kwenye paji la uso vinavyosoma oksijeni ya ubongo, wanalinganisha na presha, vikipanda na kushuka pamoja wanajua otoregulesheni imekufa, vikiachana wanajua bado ipo. Wazo ni kumtafutia kila mmoja presha yake. Kwamba hilo linaokoa watu wengi zaidi bado halijathibitishwa, na vifaa hivyo hospitali nyingi za Afrika Mashariki havipo.

Lakini kuna mambo yasiyohitaji kifaa cha bei. La kwanza pumzi. Kaboni dayoksaidi kwenye damu inaamrisha mishipa ya ubongo kuliko watu wanavyodhani, kipimo chake kikishuka kwa milimita 1 tu (milimita za zebaki, kama za presha) damu ya ubongo inapungua kwa kama asilimia 3 au 4. Sasa mtu akishika ambu bag, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpumulia mgonjwa, na ana haraka anabonyeza pumzi 30 kwa dakika akidhani anasaidia, kaboni dayoksaidi inatoka kwa wingi, mishipa inajibana, ubongo ambao tayari una njaa unazidi kunyimwa. Inatakiwa kama 10 kwa dakika. Kuna waliofikiri basi tuipandishe makusudi ili mishipa ifunguke, utafiti wa TAME wa 2023 wenye wagonjwa 1,700 haukuona faida, kwa hiyo ya kawaida, 35 mpaka 45, inatosha. Halafu homa, isizidi nyuzi 37.5 siku zile za mwanzo. Degedege litafutwe na litibiwe.

Na kabla ya yote hayo, mikono ya mtu aliyekuwepo pale. Fabrice Muamba, yule mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, klabu ya mpira ya Uingereza, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini akili yake ilirudi, kwa sababu walianza kumkandamiza kifua palepale na hawakuacha. Kukandamiza kukifanywa vizuri, mara 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5, kunaleta kama robo mpaka theluthi tu ya damu ya kawaida. Kidogo hivyo, lakini ndo kilichoushikilia ubongo.

Kwa ndugu mliopo wodini sasa hivi, msikate tamaa siku ya kwanza na msikubali mtu yeyote akate tamaa kwa niaba yenu mapema hivyo. Miongozo inataka zipite angalau saa 72 ndo madaktari waseme kitu cha uzito kuhusu kuamka, tena wasitumie dalili moja, waangalie mboni za macho, umeme wa ubongo, picha ya CT, na wahakikishe dawa za usingizi zimeisha mwilini maana figo zikiwa zimechoka dawa zinakaa muda mrefu. Na mkiulizwa historia msiseme tu "alikuwa na presha", pelekeni daftari la kliniki, mtajieni namba alizokuwa anapima kawaida nyumbani, dawa gani alikuwa anameza na lini aliacha, kwa sababu daktari anayepanga presha ya mgonjwa wenu usiku huo hana njia nyingine ya kujua ubongo wake ulizoea nini.