Joto, ziwa na mbung'o: mazingira yanaamua nini, na nini hayaamui

Kaa kijiweni Tabora au mwaloni Kibirizi, Kigoma, hutakosa kusikia kwamba watu wa mahali fulani "wako vile kwa sababu ya hali ya hewa". Wazo hili lilifundishwa hata vyuoni. Mjerumani Friedrich Ratzel aliliwekea msingi mwaka 1882, na Mmarekani Ellen Churchill Semple akalikoleza mwaka 1911: ardhi na hali ya hewa ndizo zinazomfinyanga binadamu. Tangu miaka ya 1920 wanajiografia wengi walianza kulipa kisogo. Mitaani bado lina wateja.

Dhana: Hizi ni fikra za wakoloni tu.
Wakoloni walizitumia sana kujihalalishia, hilo kweli. Lakini Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, aliandika mwaka 1377 kwamba joto kali na baridi kali huathiri tabia za watu. Yeye huyohuyo alitumia hoja ya hali ya hewa kuwapinga waliodai kwamba weusi wa ngozi umetokana na laana ya kizazi cha Hamu, mwana wa Nuhu.

Dhana: Joto humfanya mtu mvivu.
Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mtu aliongeza mkeka, sufuria na chakula chake. Wengi waliondoka kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Hapo mazingira yana mchango wao: mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili, kwa hiyo kuna miezi ambayo jembe limelala. Kilichowanyanyua ni bei ya pembe na nguo za pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ukafa. Jua ni lilelile, kiangazi ni kilekile. Tabia ikibadilika huku mazingira yakibaki palepale, tafuta sababu kwingine.

Dhana: Mzaliwa wa kando ya ziwa lazima awe mvuvi.
Mwambao wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, una Waha ambao kwao ni jembe na ng'ombe, na michikichi ya mawese imejaa mabondeni. Tena uvuvi wenyewe hauelezwi na maji peke yake. Dagaa hupanda juu usiku na kufuata mwanga. Ndiyo sababu vipe, mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, huwasha taa, hushusha wavu chini ya mwanga, husubiri dagaa wajikusanye, kisha huuvuta juu. Mbalamwezi ikiwaka mwanga wa taa hauvuti tena, na kazi husimama siku kadhaa. Mwezi unaamua lini. Taa ni uamuzi wa watu: zamani karabai za mafuta ya taa, sasa za betri na sola.

Angalia pia ukaushaji. Dagaa wakianikwa mchangani huokota kokoto, na mvua moja tu huwalowesha na kuwaozesha. Wakianikwa kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa, hewa hupita juu na chini, na mvua ikitishia hufunikwa haraka. Ziwa moja, jua moja, bei mbili.

Dhana: Pori la mbung'o, nzi wanaoeneza malale, lilikuwepo tangu zamani, watu wakalikimbia.
Mara nyingi ilikuwa kinyume chake. Mbung'o wa misitu ya miombo wanahitaji kivuli na wanyama wa kuwanyonya damu. Kijiji kinacholima, kuchoma nyasi na kuchunga huwasukuma mbali. Sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, iliua mifugo, vita na njaa vikapunguza watu, vichaka vikarudi vikiwa na mbung'o. Baadaye serikali ya kikoloni iliwahamishia watu kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na mashamba waliyoyaacha yakageuka pori. Anayeliona leo akasema "mazingira ndiyo yaliwashinda" amesoma hadithi kutoka mwisho.

Dhana: Basi mazingira hayana nguvu yoyote.
Huu nao ni upofu. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea bila kuichunguza nchi vya kutosha. Kongwa mvua ilikuwa haitabiriki, na udongo ukikauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuzikamata karanga ardhini. Mwaka 1951 mradi uliachwa, fedha zikiwa zimeteketea. Urambo iligeukia tumbaku, ambayo hupenda udongo wa kichanga. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia, kwa kuni, na kuni ni miombo, miti ileile ambayo nyuki wa Tabora huchuma maua yake. Mkulima anayechoma kuni leo ndiye anayetengeneza mazingira atakayoambiwa kesho kwamba yamemfanya alivyo.