Je, kukuza picha ndogo hurudisha undani wake?

Wengi huamini kwamba picha ndogo ikikuzwa kwa programu nzuri, undani uliopotea hurudi. Imani hiyo inaeleweka, kwani matokeo huonekana laini, lakini si sahihi.

Picha ya pikseli 800 kwa 600 ina pikseli 480,000, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Ikikuzwa hadi 3200 kwa 2400, zinakuwa 7,680,000: katika kila 16, angalau 15 zimekisiwa na programu kwa kutazama pikseli jirani. Akili mnemba hukisia kwa ustadi zaidi, lakini kope au herufi inazochora huenda hazikuwapo kabisa. Kwa picha ya ushahidi, hilo ni jambo zito.

Jaribu mwenyewe: nakili picha kubwa, punguza nakala hadi robo ya upana, ihifadhi, ikuze tena, kisha ilinganishe na ya awali. Tazama nywele na maandishi madogo.

Kwa hiyo, ukihitaji picha kubwa, kwa mfano ya bango, omba faili halisi la kamera badala ya kukuza picha ndogo.